Barua ya wazi: Wazee wa Tumbatu waulizwe wangali hai

Kwa Wizara yenye dhamana ya utamaduni na mambo ya kale, kwa wanaosimamia Nyaraka za Taifa pale Kilimani, kwa Baraza la Kiswahili la Zanzibar, kwa Mkuu wa Mkoa wa Kaskazini Unguja, na kwa masheha wa Tumbatu.

Assalaam alaykum.

Mzee akifariki Tumbatu, kisiwa kilicho kaskazini-magharibi ya Unguja, tanzia hutangazwa msikitini na kwenye makundi ya WhatsApp: jina lake, ni baba au mama wa nani, atasaliwa wapi, baada ya sala ipi. Haizidi dakika moja. Jioni ameshazikwa, khitma inasomwa, na kabla ya mwezi kwisha nyavu zake zimegawiwa na tezo zake zimo mikononi mwa mjukuu asiyejua ipi ilikuwa ya kazi gani. Hatuilaumu tanzia, dini imetaka maiti aharakishwe na ni haki yake. Tunachosema ni kwamba haifai dakika moja hiyo iwe ndiyo kumbukumbu yote ya mtu aliyeishi miaka 80.

Hatuombi mnara, wala tamasha, wala siku ya wazee yenye fulana na hotuba. Tunaomba jambo moja: wazee wa Tumbatu warekodiwe sasa, kwa Kitumbatu chao, lahaja ya kisiwa, mahali walipofanyia kazi zao, na vijana wa kisiwa hichohicho, na sauti zao zihifadhiwe kisiwani kabla ya kupelekwa kwengine. Sehemu kubwa ya barua hii ni namna ya kuifanya kazi hiyo, maana kazi za namna hii haziharibiwi na mambo makubwa. Huharibiwa na kuku, upepo, na mwalimu mwenye kalamu nyekundu.

Tumbatu ni kisiwa cha jiwe. Udongo wake ni haba, na ujuzi wake mwingi umekaa baharini na vichwani mwa watu. Yaqut al-Hamawi, mwanajiografia aliyefariki mwaka 1229, aliandika kwamba watu wa Unguja walihamia Tumbatu na kwamba wakaazi wake ni Waislamu. Magofu ya Makutani, karibu na kijiji cha Jongowe, wataalamu wa mambo ya kale wameyachimba na kuyapima tangu zama za Waingereza. Mawe yamepata haki yake. Lakini rubani wa Kitumbatu, aliyepitisha vyombo kwenye miamba bila ramani, kwa kulinganisha mnazi na kilima mpaka vikae mstari mmoja, huzikwa pamoja na alama zake.

Mfano hauko mbali. Mitepe, vyombo vilivyoshonwa kwa kamba bila msumari, ilikwisha baharini karne iliyopita. Ulipojengwa mmoja mwaka 2003 uwekwe Beit al Ajab, jumba la makumbusho mjini Unguja, ilibidi kutegemea vifano vidogo na picha za zamani, kwa kuwa fundi aliyeshona mtepe wa kwenda safari hakuwapo tena wa kuulizwa. Kifano hakisemi kamba ilivutwa mpaka ilie vipi.

Tuanze na orodha, kwani hapo ndipo miradi mingi hupoteza miezi sita bure. Orodha ipo. Pensheni Jamii, malipo ya Serikali kwa wazee, ilianza Aprili 2016 kwa kila mkaazi aliyetimiza miaka 70, na kila sheha, mkuu wa shehia, anawajua wazee wake kwa majina. Hakuna haja ya utafiti wa kuwatafuta. Kinachohitajika ni sheha apite mwenyewe nyumba kwa nyumba kuomba ridhaa, na mzee anayekataa aachwe bila kusumbuliwa na bila pensheni yake kutajwa hata kwa bahati mbaya. Siku ya malipo isitumike kurekodi. Mzee akiona daftari la fedha na maiki pembeni yake ataamini kimoja kinategemea kingine, na hapo atawajibu kile anachodhani mnakitaka. Waanze wa miaka 80 na zaidi, kisha wagonjwa, kisha waliobaki. Kufuata herufi za majina ni kosa linalofanywa na ofisi, na kifo hakifuati alfabeti.

La pili ni lugha, na hapa tunaomba msikubaliane na mtu yeyote atakayewaambia kwamba ni jambo la mapambo. Mzee wa kijiji cha Gomani akiulizwa na mgeni kutoka mjini, humheshimu mgeni kwa kumjibu kwa lugha ya mgeni. Anahama Kitumbatu bila hata kujua kuwa amehama. Neno la mwamba, la upepo wa alfajiri, la hali fulani ya tanga linaachwa kwa sababu halina mwenziwe mjini, na mahala pake panawekwa "kile kitu" au "vile tulivyokuwa tukifanya". Mkirudi Unguja mna saa nzima ya sauti safi isiyo na kitu ndani. Baraza la Kiswahili la Zanzibar (BAKIZA) limeshatoa kamusi la Kitumbatu, na kazi hiyo ni ya kushukuriwa, lakini kamusi halina sauti, wala halioneshi neno likitumiwa na mtu mwenye hasira au mwenye kucheka. Kwa hiyo anayeuliza awe Mtumbatu, aliyelelewa kisiwani, na kwa bibi aulize mwanamke. Mkunga hatasimulia uzazi mbele ya kijana wa kiume, na msimlaumu. Mjane aliye edani aachwe mpaka miezi minne na siku kumi zishe.

Tatu, kalenda ya kazi ifuate maji, isifuate mwaka wa fedha wa Serikali. Wakati wa bamvu, yaani maji makubwa ya mwezi mchanga na mwezi mpevu, maji hutoka mbali mnamo saa nne asubuhi, na wanawake wote wenye nguvu, hata wa miaka 70, wako pwani kwenye pweza, chaza na mwani. Mkifika siku hizo mtawakuta wagonjwa tu, na ripoti itaandika kwamba wanawake hawakujitokeza. Nendeni wakati wa maji mafu, yanapopanda na kushuka kidogo, siku zinazofuata mwezi nusu. Wavuvi wa kiume nao huondoka kwenda dago, kambi za uvuvi za mbali, kwa wiki au miezi. Familia inajua watarudi lini, iulizwe. Mwezi wa Ramadhani uachwe. Kusi kali, upepo wa kusini, kati ya Juni na Septemba, linaharibu sauti yoyote inayorekodiwa nje, na masika juu ya paa la bati hayakuachii hata neno.

Kikao kisizidi dakika 50. Saa tatu hadi saa tano asubuhi mzee ana nguvu; baada ya chakula cha mchana anasinzia, na kumwamsha kwa maswali ni utovu wa adabu. Kila mzee apewe vikao vitatu, na kati ya kimoja na kingine zipite siku mbili au tatu. Sababu ni hii: kikao cha kwanza huwa ni heshima tupu, nasaba na dua. Usiku wake kumbukumbu zinaamka zenyewe. Kikao cha pili ndicho chenye mali, na cha tatu ni cha kusahihisha. Miradi inayompa mzee kikao kimoja hukusanya heshima na kuiita historia.

Na maswali. "Zamani maisha yalikuwaje?" Jibu mnalijua kabla hamjavuka kutoka Mkokotoni: yalikuwa mazuri, watu walipendana, samaki walikuwa wengi. Swali pana huzaa jibu la hotuba. Muulizeni bibi aliyesokota kamba za usumba: makumbi ya nazi mliyafukia wapi pwani, mliyakandamiza kwa mawe gani, yalikaa miezi mingapi, mlijuaje kwamba yameiva, nani alikuwa na shimo jirani na lako, na ukiyafukua mapema yakawaje? Atawaambia kwanza kuhusu harufu, kisha jinsi yanavyogoma chini ya rungu yakiwa mabichi, kisha ugomvi wa mashimo, kisha nani aliolewa kwa fedha za kamba. Maisha yote yanaingia kupitia shimo la makumbi. Fundi wa mashua naye asiulizwe "ulijifunza vipi ufundi". Aulizwe kalafati, yaani kuziba nafasi za mbao: pamba ililowekwa kwenye mafuta gani, ilipigwa kwa patasi pana kiasi gani, ilijulikanaje kwamba mbao imeshiba na ukizidisha itapasuka. Aulizwe chokaa na shahamu (mafuta ya mnyama) za kupaka chini ya chombo: kiasi gani kwa kiasi gani, moto mkali au mdogo, na chombo kilikaa muda gani kabla ya kupandishwa tena. Ikiwezekana swali liulizwe chombo kiko mbele yake na mkono wake uko juu ya mkuku, ubao mkuu wa chini ya chombo. Mzee aliyekalishwa kwenye kiti cha plastiki barazani anakumbuka robo ya anayoyakumbuka akishika kifaa.

Mjukuu awepo. Mzee humweleza mtoto mambo ambayo hatamweleza mtu mzima, kwa kuwa mtu mzima inadhaniwa anajua. Majirani wasizidi wawili, la sivyo itakuwa barza. Isipokuwa jambo moja tunalolipenda sana: marafiki wawili wa zamani, waliovua pamoja, wakikaa pamoja. Mmoja akikosea jina la mwamba mwenziwe hamwachii. Hapo kila mmoja avae maiki yake na kila maiki irekodiwe kwenye chaneli yake, kwa sababu watasema kwa pamoja na kugombana, na ugombanaji wao ndio ushahidi.

Akinyamaza, hesabuni kumi kimoyomoyo kabla ya kuuliza tena. Vijana wengi hawawezi kuvumilia kimya hicho, wafundishwe.

Tarehe ni tatizo la peke yake. Wengi waliozaliwa kabla ya 1960 wana mwaka wa kuzaliwa uliokisiwa na karani. Msimuulize mzee mwaka. Muulizeni alikuwa na ukubwa gani. Alikuwa ameshaanza chuo cha Kurani wakati wa zama za siasa, uchaguzi wa kwanza wa 1957? Alikuwa anajitwika ndoo ya maji siku ya Mapinduzi, 12 Januari 1964? Alikuwa ameshaoa Mzee Karume alipouawa, 7 Aprili 1972? Tayarisheni karatasi moja ya matukio kama hayo, na mwongeze ya kisiwani penyewe: chombo kilichozama, kisima kilichochimbwa, msikiti uliojengwa upya. Mabaharia nao wana hesabu ya Nairuzi, kalenda yao ya mwaka wa jua: miongo 36 ya siku kumi kumi, na siku tano za gatha mwishoni, jumla 365. Mzee akisema upepo fulani huanza mwongo fulani, andikeni hivyohivyo, msimgeuzie kuwa tarehe ya Kizungu papo hapo. Hesabu hiyo ya asili haina siku ya nyongeza kila mwaka wa nne, kwa hivyo kwa miaka 60 imeteleza kama siku 15. Aliyegeuza bila kujua hilo amemsingizia mzee uongo wa nusu mwezi.

Vifaa si vingi. Kwa vikundi viwili, kimoja Jongowe na kimoja Gomani, vinatosha vinasa sauti viwili, maiki nne za kubana kwenye nguo, spika za masikioni jozi mbili, kompyuta moja, na diski za nje tatu. Rekodini kwa WAV, kilohezi 48, biti 24. Saa moja ya chaneli moja ni takriban megabaiti 520. Maiki ikae kama shubiri moja chini ya kidevu, juu ya mtandio na si chini yake, kwa kuwa kitambaa kikisugua maiki kinameza herufi zote za s na f. Sauti kubwa kabisa isipite desibeli 12 chini ya ukomo. Mzee akicheka ghafla itapanda, na iliyopasuka hairudi. Rekodini nusu dakika, sikilizeni, ndipo muanze. Simu zote ziwekwe hali ya ndege. Kuku afungwe. Mnadhani tunatania, lakini jogoo mmoja karibu na maiki hufuta jina la babu wa mtu.

Simu nzuri inaweza kutumika pasipo na kinasa, kwa sharti kwamba faili lisitumwe kama sauti ya WhatsApp. Ikitumwa hivyo hubanwa, jina la faili hubadilika, na baada ya mwaka hakuna ajuaye ni nani anayesema. Kila rekodi ianze kwa maneno: leo tarehe ngapi, tuko wapi, anayesema ni nani, waliopo ni nani, amekubali nini. Na jina la faili lifanane na hayo: JON kwa Jongowe, namba ya mzee, namba ya kikao. Jina halisi likae kwenye daftari, si kwenye faili.

Kuandika kilichosemwa ndiyo kazi ndefu kuliko zote, na ndiyo isiyowekwa kwenye bajeti. Tukichukua wazee 60, vikao vitatu vya dakika 50, tuna saa 150, sawa na gigabaiti 78 hivi kwa nakala moja. Saa moja ya mazungumzo ya lahaja huhitaji kama saa nane za kuandika. Hizo ni saa 1,200. Vijana wanne wakiandika saa nne kwa siku, ni siku 75 za kazi. Wakizidisha saa nne kwa siku masikio yanachoka na wanaanza kuandika wanachokitarajia. Programu za kugeuza sauti kuwa maandishi msizitegemee hapa: hulichukua neno la Kitumbatu na kulivika nguo ya neno la redioni lililo karibu nalo. Na mwandishi mbaya kuliko programu ni mwalimu wa skuli, mpaka aapishwe. Ataondoa "makosa" yote, na makosa hayo ndiyo Kitumbatu chenyewe. Neno lisilojulikana liwekewe alama na dakika yake, mzee aulizwe kwenye kikao cha tatu. Kulikisia ni haramu.

Sasa tunafika mahali panapowahusu ninyi kuliko vijana. Aliyezaliwa 1946 alikuwa na miaka 17 au 18 mwaka wa 1964. Ana la kusema kuhusu miaka ile na iliyofuata, na hatalisema mpaka ajue nani atasikia. Ridhaa isiwe karatasi moja ya kutia dole gumba. Iwe na milango mitatu: kikao cha kusikilizwa na kila mtu, cha kusikilizwa kisiwani tu, na cha kufungwa mpaka muda autakao mzee upite. Aamue kwa kila kikao, na awe na haki ya kubadili. Ahadi hiyo iandikwe na Wizara kwa muhuri wake, kwa sababu neno la kijana mwenye kinasa sauti halizuii ofisa mkubwa kuomba faili. Milango hiyo itafungwa pia kwa sababu nyengine mnayopaswa kuiheshimu: alama za miamba ya samaki ni riziki ya ukoo, na ikiwekwa mtandaoni, wiki ya pili ina nyavu za watu wengine. Dawa na uganga navyo vina wenyewe.

Karatasi za zamani, barua na hesabu zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, zipigwe picha ndani ya nyumba, kivulini, bila mwako wa kamera, na rula pembeni. Upande wa nyuma wa karatasi upigwe kabla ya wa mbele, maana huko ndiko kuna majina. Zisibandikwe gundi ya karatasi, zisitiwe plastiki ya moto. Na karatasi ya asili isitoke nyumbani, hata kwa ahadi ya wiki moja. Zilizotoka kwa ahadi ya wiki moja zinajulikana zilivyoishia.

Nakala ziwe tatu: moja skulini Tumbatu, moja Kilimani, moja Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Beit al Ajab iliporomoka 25 Disemba 2020, na kila mtu anajua sasa maana ya kuweka vitu vyote chini ya paa moja. Diski ya kisiwani ikae ndani ya kopo la plastiki lisilopitisha hewa, na vifuko vya kunyonya unyevu, kwa kuwa chumvi ya bahari hula viunganishi polepole bila kelele. Ifunguliwe na kujaribiwa kila miezi sita, ibadilishwe kila miaka mitano. Familia ipewe yake ndani ya wiki mbili, kwenye kadi ya kumbukumbu inayoingia kwenye simu au redio, si kwenye kitu kinachotaka kompyuta. Mzee ajisikie mwanzo kabla ya mtu mwengine yeyote. Hapo ndipo atakaposema, "La, hapo nimekosea, alikuwa ni mdogo wake."

Mwisho kila mzee awe na karatasi yake ya maisha, kurasa mbili, iliyotolewa kwenye vikao na kusomewa mwenyewe: amezaliwa wapi, amelelewa na nani, vyombo alivyopanda na manahodha wake, dago alizokaa, watoto aliowazalisha kama ni mkunga, mikeka na kamba zilizotoka mikononi mwake na zilikwenda wapi, maneno yake matano ambayo vijana hawayatumii. Familia ikipenda isomwe siku ya khitma. Isipopenda, basi.

Tunawaomba mtuteulie ofisa mmoja wa kujibu, muhuri wa ile ahadi ya milango mitatu, na vifaa tulivyovitaja. Vijana wapo. Masika yakishapita, kabla kusi halijashika, kuna maji mafu yanayofaa kuanzia.

Wassalaam,
Wakusanyaji wa masimulizi ya wazee